Niifiche wapi sefu ya nyumbani ili mwizi asiione?

"Jirani yetu aliibiwa mchana, watu wakiwa kazini, nami kwa hofu nikanunua sefu ndogo ya vitufe vya namba, yenye uzito wa kilo 14 hivi. Nataka kuweka humo dhahabu niliyoachiwa na bibi yangu, hati ya nyumba, vyeti vya watoto, fedha kidogo za dharura na diski ndogo yenye picha zote za familia. Mimi nilifikiria kuiweka kabatini chumbani kwetu, nyuma ya nguo. Mume wangu anataka tuiingize ukutani tuifunike kwa picha. Shemeji yangu anasema wezi wanayajua maficho yote ya ndani, hivyo afadhali tuizike uani. Je, ni mahali gani ambapo mwizi hatafuti? Na je, ikifichwa vizuri, bado kuna haja ya kuifunga kwa boliti? Sakafu yetu ni ya vigae na kwa kweli sipendi kuitoboa."

Ndugu yangu, nashukuru kwamba umeuliza kabla hamjatoboa wala kufukua chochote, kwa sababu wengi huja kwangu na swali hili baada ya kuibiwa. Nikilisoma kwa makini naona kwamba chini ya lile la mahali pa kuficha kuna jingine linalokusumbua zaidi, yaani kama maficho mazuri yanaweza kukuepusha na kazi ya kutoboa sakafu. Hayawezi. Ninawashauri wateja wangu wote waifiche sefu, nami nitakueleza namna ya kufanya hivyo, lakini maficho ni nyongeza juu ya sefu iliyokwisha kufungwa imara, na yakiachwa peke yake ni kamari. Sefu ya kilo 14 ambayo haijashikana na nyumba haimlazimishi mwizi kuifungua: anaikumbatia, anaondoka nayo, kisha anaivunja kwa starehe mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Tena unakuwa umemrahisishia kazi, maana vitu ambavyo angelazimika kuvitafuta chumba kwa chumba umemkusanyia katika mzigo mmoja.

Kuhusu mahali ambapo mwizi hatafuti, orodha ya namna hiyo haipo, na kama ingekuwapo yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuisoma. Kinachojulikana ni jinsi anavyotafuta. Watafiti wamewahoji wezi wa nyumba kwa miaka mingi, na mmoja wao, mwanasaikolojia Claire Nee wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza, ameonyesha kwamba mwizi mzoefu hupekua nyumba karibu bila kufikiri, kama vile dereva mzoefu asivyofikiria gia. Ana njia yake, na njia hiyo kwa kawaida huanzia chumba cha kulala cha wenye nyumba, kwa kuwa ndiko watu wengi huweka vito, fedha na nyaraka zao. Hahitaji akili nyingi kuyagundua maficho yetu, kwa sababu sisi sote tunaficha kwa namna inayofanana: droo ya soksi, chini ya godoro, juu ya kabati, mfuko wa koti lisilovaliwa, boksi la viatu, tangi la maji la choo, friza, makopo ya jikoni, kitabu kilichotobolewa katikati. Kila moja ya sehemu hizo iliwahi kubuniwa na mtu aliyeamini kwamba yeye ndiye wa kwanza kuifikiria. Kinachomwelemea mwizi ni muda. Hajui mwenye nyumba atarudi saa ngapi, hajui ni nani aliyemwona akiingia, na kila dakika anayoongeza humo ndani inamwongezea hatari.

Muda huo ndio msingi wa kazi yetu nzima, nami naomba uuelewe kabla ya kuchagua kati ya ukuta na kabati. Hakuna sefu isiyovunjika. Viwango vya kupimia sefu havisemi popote kwamba sefu fulani haifunguki. Vinasema itastahimili kwa muda gani, dhidi ya zana zipi. Katika viwango vya UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, alama TL-15 ina maana kwamba mlango wa sefu umestahimili dakika 15 za kushambuliwa kwa zana za mkono na za umeme, na saa ya wapimaji huhesabu tu muda ambao zana inafanya kazi, si muda wa kupumzika wala wa kubadilisha zana. TL-30 ni dakika 30. Sefu za makazi zina daraja lao la chini zaidi, la dakika 5. Ulaya hutumia EN 1143-1, ambayo madaraja yake huanzia 0 na kupanda, na kwa makabati mepesi kuna EN 14450 yenye ngazi mbili, S1 na S2. Visanduku vya kilo 14 kwa kawaida havina alama yoyote kati ya hizo, na chuma chake huwa cha milimita chache tu. Sikusudii kukukatisha tamaa. Nataka ujue ulichonunua.

Kwa hiyo, kulinda vitu nyumbani ni kazi ya kujumlisha dakika. Maficho yanaongeza dakika za kutafuta, boliti zinaongeza dakika za kung'oa, unene wa chuma unaongeza dakika za kuvunja, na kengele ya hatari au jirani mwenye mazoea ya kuchungulia vinapunguza zile dakika alizokuja nazo mwizi. Tofauti iliyopo ni kwamba dakika za boliti na za chuma hubaki palepale hata mwizi akijua kila kitu, ilhali dakika za maficho huyeyuka zote mara moja kwa neno moja la mtoto anayejigamba mbele ya wenzake. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, alipokuwa akiandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi, aliweka kanuni kwamba mfumo haupaswi kutegemea usiri wa muundo wake, bali ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, na siri iwe katika ufunguo. Hakuwa akizungumzia sefu za nyumbani, lakini sijapata kanuni inayozifaa zaidi. Panga mambo yako kana kwamba mwizi amekwisha kuambiwa sefu ilipo. Ukimaliza, ndipo uifiche.

Sasa nije kwenye vigae vyako. Kiwango cha EN 1143-1 kinataka sefu yoyote ya kusimama yenyewe iliyo chini ya kilo 1,000 iwe na tundu la kufungia. Ikiwa wataalamu hawaiamini sefu ya kilo mia tisa isimame bila kufungwa, yako ya kilo 14 haina cha kujitetea. Ukiifungua na kuondoa zulia dogo la ndani utayaona matundu chini au nyuma, pengine kote kuwili. Boliti hupigwa kutokea ndani, ili nati zake zisifikiwe bila kwanza kuufungua mlango, na kigae kinachotobolewa hubaki chini ya sefu ambako hakuna atakayekiona. Fundi makini hutoboa kigae kwa ncha ya vigae, taratibu, bila mtikiso wa nyundo ya keekee, kisha akishakivuka hubadilisha ncha na kuingia kwenye zege. Anaweza pia kukibandua kabisa kigae hicho kimoja na kuikalisha sefu juu ya zege lenyewe, jambo ambalo mimi hulipendelea zaidi. Boliti za kutanuka za milimita 10 au 12 zinatosha, mradi zishike zege na si ile lipu nyembamba iliyo juu yake. Kabla ya kutoboa, hakikisha mnajua mabomba ya maji na nyaya za umeme zimepita wapi. Nimewahi kuona sefu iliyofungwa vizuri sana ikiwa imesimama katikati ya dimbwi.

Mahali sefu inaposimama ndani ya chumba pana uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu adui mkuu wa sefu ndogo ni mtalimbo. Mtalimbo wa mita moja ulioegemezwa sentimita 5 kutoka nchani huzidisha nguvu ya mkono karibu mara 19, na hakuna bamba jembamba linalovumilia nguvu hiyo kwa muda mrefu. Lakini mtalimbo unahitaji nafasi ya kuzunguka. Sefu ikiwekwa kwenye kona, kuta mbili zikaikaribia, rafu nene ikawa juu yake, na ule upande wa mlango usio na bawaba ukaelekea ukutani, mwizi anabaki na chuma kirefu mkononi asichoweza kukisukuma popote. Hapa maficho na uimara vinasaidiana kweli, maana mahali finyu panaponyima mtalimbo nafasi ndipo pia pagumu kuonekana kutoka mlangoni mwa chumba. Kama mnaishi katika nyumba ya kupanga, mwombe mwenye nyumba idhini ya maandishi. Akikataa, sefu inaweza kufungwa kwenye kabati zito lililojengewa ukutani, lakini nakwambia wazi kwamba huo ni uimara wa mbao, si wa zege.

Nianze mapendekezo yenu matatu na lile la shemeji yako, kwa kuwa halinichukui muda. Sefu yenye kitasa cha elektroniki ikizikwa udongoni huharibiwa na unyevu, udongo uliofukuliwa karibuni hujitangaza wenyewe, na kila utakapotaka hereni utalazimika kutoka na jembe machoni pa mtaa mzima. Sefu za sakafuni zinazozamishwa ndani ya zege la nyumba ni jambo tofauti kabisa. Hizo ni ngumu kweli kuzivunja, kwa sababu kinachobaki wazi ni mlango tu na pande zote nyingine zimeshikwa na zege. Udhaifu wake ni maji, hivyo haziifai nyumba iliyowahi kufurika.

Pendekezo la mume wako lina mantiki, ila lina mitego mitatu. Wa kwanza ni kwamba sefu mliyonunua ni ya kusimama. Sefu ya ukutani huundwa ikiwa na fremu ya mbele na hujengewa kwa zege pande zote, na hii yenu ikichomekwa tu kwenye shimo itachomolewa vilevile ilivyochomekwa. Wa pili ni unene wa ukuta. Ukuta wa matofali wa kutenganisha vyumba mara nyingi una sentimita 10 hadi 12 tu, kwa hiyo sefu inayoingia humo ni nyembamba, ya kutosha vito na hati zilizokunjwa. Wa tatu ni kuchagua ukuta usiofaa: ukuta wa nje huleta unyevu na unaweza kushambuliwa kutokea nje, ukuta wa bafu una mabomba, na ukuta unaobeba dari usiguswe kabla mhandisi hajauona. Hiyo picha nayo iacheni. Filamu zimewafundisha watu wote, wakiwamo wezi, kwamba nyuma ya picha kuna kitu, na kuinua picha huchukua sekunde mbili.

Wewe mwenyewe ulifikiria kabati la chumbani, na kwa upande mmoja umewashinda wote wawili, kwa kuwa umechagua mahali unapopita kila siku. Sefu inayochosha kufikiwa huishia kuwa tupu. Mtu anaifunga vizuri nyuma ya marundo ya masanduku ya stoo, wiki ya kwanza anapanga na kupangua, wiki ya pili anaahirisha, na mwezi wa pili mkufu unalala mezani pembeni mwa kitanda ilhali sefu imejaa stakabadhi za zamani. Kwa hiyo ninayopendekeza ni sehemu ya chini kabisa ya kabati lililojengewa ukutani, nje ya chumba chenu cha kulala: la ushorobani, la chini ya ngazi, au la stoo kavu. Seremala anaweza kuitengenezea sefu kibao cha mbele kinachofanana na ubao wa chini wa kabati zima, kikashikwa kwa sumaku ndogo na kutoka kwa mvuto mmoja. Anayefungua kabati hilo aone vitu vya kawaida vinavyochosha macho, kama vile mashuka ya akiba, vyombo vya usafi au vifaa vya zamani vya shule. Vitu vya thamani vilivyowekwa juu ya maficho humwalika mtu abaki hapo na kuinama.

Maficho yaliyotengenezwa vizuri huharibiwa na dalili ndogo ambazo wenye nyumba wamezizoea hadi hawazioni. Kibao kimoja ni kipya kuliko vingine, sakafu ina mikwaruzo ya nusu duara mbele ya kabati, vumbi limekaa kila mahali isipokuwa kwenye rafu moja, alama za vidole zimejaa pembeni mwa ubao ambao haupaswi kuguswa. Baada ya kumaliza kazi, mwombe mtu mmoja wa nyumbani, yule ambaye lazima ajue, asimame mlangoni akiwa na tochi na aangaze kwa ubavu sambamba na sakafu. Mwanga wa namna hiyo huonyesha mikwaruzo yote.

Hukuuliza kuhusu moto, lakini kwa vitu ulivyovitaja ndilo jambo linalonitia wasiwasi kuliko hata mwizi. Watu huamini kwamba kila sefu ya chuma inazuia moto, ilhali chuma hupitisha joto upesi, na sefu nzuri ya kuzuia wizi inaweza kuzifanya hati zilizomo kuwa majivu mlango wake ukiwa umefungwa barabara. Sefu ya moto hufanya kazi kwa njia nyingine: kati ya mabamba mawili membamba huwekwa kinga yenye maji yaliyofungamana nayo, kwa mfano jasi, ambayo maji ni karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Moto ukipanda, maji hayo hugeuka mvuke na kula joto ambalo lingeingia ndani. Ndiyo maana sefu iliyoundwa kwa ajili ya moto tu ni laini mbele ya mtalimbo. Kama unataka kinga zote mbili katika sefu moja, tafuta yenye alama mbili, ya wizi na ya moto, na uwe tayari kwa uzito mkubwa zaidi.

Hata ukiipata hiyo, soma inalinda nini. Daraja la kawaida la karatasi huhakikisha tu kwamba ndani hakuvuki nyuzi 177 za Selsiasi kwa muda uliotajwa, wakati tanuru ya majaribio nje ikifika nyuzi mia tisa na kitu. Karatasi hupona katika joto hilo, lakini diski ya picha haiponi. Vifaa vya kutunzia data vina daraja lao ambalo kikomo chake ni nyuzi 52. Kwa hiyo picha za familia zisitegemee sefu hata kidogo: weka nakala ya pili katika nyumba nyingine, au katika hifadhi ya intaneti yenye nywila imara. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, hivyo mkufu wa bibi unaweza kupona pale ambapo hati imeungua. Maji yaliyomo katika kinga ya moto yana athari nyingine ya kimyakimya, kwamba hewa ya ndani huwa na unyevu hata siku za kawaida, na baada ya miezi utaona karatasi zenye ukungu, saa yenye kutu na picha zilizogandana. Tia hati katika mifuko ya plastiki inayojifunga, weka vifuko vya kunyonya unyevu na uvibadilishe, na uiache sefu wazi kwa muda mfupi mara moja kwa wiki ukiwapo nyumbani. Kama katika vito vya bibi kuna lulu, zitenge na vifuko hivyo, maana ukavu wa kupita kiasi nazo huziumiza.

Kitasa chenyewe kinastahili maneno machache. Katika sefu nyingi za bei nafuu, kinachozuia kishikio kisizunguke ni pini ndogo inayovutwa na sumakuumeme, na pini hiyo hushikiliwa mahali pake na springi peke yake, hivyo kishindo kikali au sumaku yenye nguvu inaweza kuisogeza. Kufungwa kwa boliti hupunguza hatari ya kishindo, lakini hakuiondoi. Utakaponunua nyingine, uliza kama kitasa kimepimwa kwa kiwango cha EN 1300 au kinacholingana nacho. Hii uliyonayo huenda ina pia tundu la ufunguo wa dharura, na ufunguo huo usikae juu ya kabati wala kwenye droo ya chumba hichohicho. Usiufungie ndani ya sefu vilevile; utacheka, lakini nimeitwa mara nyingi kufungua sefu ambayo betri yake imekufa na ufunguo wake umelala ndani kwa amani.

Namba ya siri ibadilishwe siku ya kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwanafizikia Richard Feynman alijipatia sifa ya kufungua makabati ya siri ya wenzake huko Los Alamos, mahali ilipokuwa ikitengenezwa bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya ufundi wake ilikuwa kujua kwamba watu hawabadilishi namba za kiwandani, au huchagua zinazokumbukika. Mmoja wao alikuwa ametumia 27-18-28, tarakimu za mwanzo za namba e ya hisabati, ambayo mwanasayansi yeyote pale aliijua kwa moyo. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, lakini ukitumia siku na mwezi wa kuzaliwa unabakiza 366 tu. Vitufe vinne vikichakaa kuliko vingine, anayevitazama anabaki na mipangilio 24 ya kujaribu. Futa vitufe vyote, badilisha namba mara kwa mara, na kama kitasa kinakubali tarakimu sita au zaidi, zitumie.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na sefu nayo ina kata zake: fundi aliyeifunga, vijana walioibeba kutoka garini, msaidizi wa kazi za nyumbani, watoto, na ndugu waliokusaidia kuchagua. Simtuhumu yeyote kati yao. Habari husambaa kwa mazungumzo ya kawaida zaidi kuliko kwa hila, na anayeiba mara nyingi ni mtu wa tatu aliyeisikia kwa bahati. Kwa hiyo mwite fundi siku ambayo nyumba haina wageni, usimweleze kitakachowekwa humo, na ubadilishe namba baada ya yeye kuondoka hata kama unamwamini. Shemeji yako amekwisha kujua kwamba mna sefu. Hana haja ya kujua imekwenda wapi. Lakini msiifanye siri ya mtu mmoja pia. Wewe na mume wako mjue wote wawili, na mtu wa tatu mnayemwamini, au mwanasheria, atunze bahasha iliyofungwa yenye maelezo, maana hati ya nyumba ambayo warithi hawajui ilipo ni tatizo linaloweza kuwasumbua miaka mingi kuliko wizi.

Kuna hali moja ambayo maficho, boliti na chuma vyote havina kazi, nayo ni mtu kuingia mkiwa ndani na kuwatishia. Hapo fungua sefu. Wako wanaopendekeza sefu ya chambo, ndogo, isiyofichwa sana, yenye fedha kidogo na vito vya bandia, ili mwizi aichukue na kuridhika. Dhidi ya mwizi wa haraka aliyekuta nyumba tupu, chambo hufanya kazi vizuri. Mbele ya mtu mwenye silaha ni hatari kukitegemea, kwa sababu akigundua kwamba umemdanganya, hasira yake itaangukia kwenu. Chambo kisiwe kamwe sababu ya kuendelea kukana kwamba kuna sefu nyingine.

Kwa upande wako, hivi ndivyo ningefanya. Kisanduku ulicho nacho kingefungwa kwenye kabati lako la chumbani, pale ulipopafikiria, kibebe fedha kidogo na vitu visivyouma vikipotea. Ningetafuta sefu nyingine yenye alama ya wizi na ya moto kwa ajili ya hati, vyeti na dhahabu inayovaliwa, ikae chini ya kabati la ushorobani au la stoo kama nilivyoeleza. Dhahabu isiyovaliwa isipokuwa kwenye sherehe ningeipeleka kwenye kasha la amana la benki, kama benki yenu inatoa huduma hiyo. Kabla ya kununua, ongea na kampuni yenu ya bima, kwa sababu baadhi ya kampuni hutaka daraja fulani la sefu na ufungaji wa fundi anayetambulika, na zisipopata hivyo hukataa kulipa. Piga picha ya kila kito karibu na rula, na uzihifadhi nje ya nyumba.

Fundi wa sefu aje mwenyewe kupaona mahali kabla hujalipia chochote, hasa kama sefu mpya itazidi kilo mia moja na itakaa ghorofani. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita moja ya mraba, na sefu hukandamiza eneo dogo kuliko hilo, hivyo kwa uzito mkubwa mhandisi wa majengo ndiye wa kuulizwa. Mwite fundi pia kama sakafu ni ya mbao, kama hujui nyaya zimepita wapi, au kama kitasa cha sefu yako kimeanza kukataa namba sahihi hata baada ya kubadilishiwa betri. Na boksi lililobeba sefu mpya, lenye picha yake kubwa ubavuni, likatwe vipande vidogo ndani ya nyumba kabla ya kufika kwenye pipa la taka.